Utani Uliofunga Geti Xintang

Wanangu mnaoanza masta ya majadiliano na usuluhishi wa migogoro hapa Guangzhou, mmeniandikia kwenye kundi lenu mkiniomba niwaeleze, kabla sijafunga mabegi kurudi kwetu Same, jinsi ya kukaa kwenye meza ya mgogoro bila woga. Mmekosea mlango. Kazi hii niliianza nikiwa afisa wa kusuluhisha migogoro ya kazini kule Tanga, nikaja kuisomea hapa nikiwa na miaka arobaini na minne, kisha nikaifanya hapa hapa miaka mingi, kati ya wafanyabiashara wetu na wenye viwanda. Sijawahi kukaa kwenye meza hata moja bila kuogopa. Mpaka leo nikisikia geti la chuma linashushwa, hata likiwa la mtu anayefunga duka lake kwa amani, nasimama nilipo mpaka ligote chini. Nitawaeleza ilianza lini.

Kwanza darasa lenyewe, msije mkadhani niliingia nikiwa jasiri. Wenzangu walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, Kiingereza kinawatoka bila kupumua. Wiki ya kwanza Profesa wetu, mama mwembamba wa maneno machache, alitupa igizo. Mimi niwe waziri, kijana mmoja wa Nairobi awe mwekezaji, tujadiliane juu ya bandari ya kubuni. Kijana akataja anachotaka, kisha akanyamaza. Akawa ananitazama tu. Mimi nikaanza kukijaza kile kimya. Nikampa gati moja, kimya. Nikampa la pili, kimya. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimegawa bandari nzima pamoja na mnara wake wa taa, na yule kijana hajafungua mdomo tena. Tulipotoka akaniambia, "Mathe, wewe ni noma, sijawahi win kitu hivyo rahisi." Nilicheka naye, nikaenda kulia chooni.

Profesa aliniita. Akaniuliza nilikuwa naogopa nini. Nikamwambia, kimya. Hakunicheka. Akasema kimya kikinizidi nichague kitu kimoja chumbani nikihesabu, viti au vioo au vifungo vya shati la mtu, kwa sababu anayehesabu hatoi. Lishikeni hilo. Linasaidia kuliko nusu ya vitabu mtakavyopewa.

Jambo la pili ni utani. Watanzania mnaujua, ila humo kwenye kundi wamo Wakenya na Wakongo, kwa hiyo niwaeleze. Mimi ni Mpare. Mpare na Mchaga ni watani, tuna ruhusa ya kutukanana tangu enzi za mababu na hakuna anayekasirika. Wao hutuambia sisi tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe wawili ili ashinde kesi ya kuku mmoja. Sisi huwaambia wao wanapenda hela, kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Asipoamka, chimbeni kaburi. Hata msibani tunafanyiana hivyo, na mtani ndiye anayewachekesha wafiwa pale ambapo ndugu hawawezi.

Kule Tanga utani ulikuwa zana yangu ya kazi. Kabla sijafungua faili nilikuwa nauliza nani wa wapi. Niliwahi kukuta wakata mkonge na msimamizi wao hawajasalimiana wiki tatu, nikagundua msimamizi ni Mzaramo na kiongozi wa wafanyakazi ni Mnyamwezi. Nikamwambia yule Mnyamwezi, "Unamnunia mtani wako? Nani atakuja kukucheka ukifa?" Saa hiyo hiyo wakaanza kutukanana vizuri, na kabla ya jioni wameandikiana makubaliano. Nikajiona fundi. Nilikuja nayo zana hiyo China kama mtu aliyefungasha kisu cha jikoni akasahau kwamba amekipakia.

Muhula wa kwanza tulipewa kazi ya kwenda kutazama majadiliano ya kweli na kuandika ripoti. Kutazama tu, mdomo umefungwa. Mimi nilimwendea Mama Ndeshi. Huyu alikuwa Mchaga wa Machame, mwenye maduka ya nguo Moshi mjini, tuliyefahamiana kwenye ibada ya Jumapili ya Waswahili. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kuniita jina langu. "We Mpare," akasema, "kesho naenda kugombana na kiwanda cha jinzi, kule Xintang nje ya mji. Njoo ushibe kesi."

Asubuhi nilimkuta chumbani kwake hotelini anajidunga tumboni sindano ya kushusha sukari. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Nikamuuliza, umekula? Akasema tutakula njiani, tukichelewa laoban atakuwa ametoka. Laoban ndiyo bosi, mtalisikia neno hilo kuliko jina lenu wenyewe. Tukapanda gari, tukakuta foleni, hatukula njiani. Wanangu, hapo ndipo mgogoro wote ulipoanzia, na hakuna aliyekuwa amegombana na mtu bado.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya chini, mlango wake unafungukia moja kwa moja kwenye karakana ya kushonea, vumbi la pamba kila mahali na suruali za jinzi zimerundikwa hadi dirishani. Laoban alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sura. Pembeni yake alikaa mkalimani, binti wa Kichina aliyesomea Kiswahili chuo kikuu, na walimu wake walimpa jina la Faraja. Alisimama, akasalimia, "Shikamooni mama zangu, karibuni sana kiwandani kwetu." Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha kwetu. Mama Ndeshi aliniminya mkono kwa furaha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nyonga. Mama Ndeshi aliagiza suruali kwa sampuli iliyokuwa na nafasi ya kutosha huku nyuma, kwa wateja wake wa Moshi. Zilizoshonwa zilikuwa nyembamba.

"Laoban, nitazame mimi," akasema, akasimama akageuka. "Hii mzigo nimvalishe nani? Malaika?"

Laoban akajibu, Faraja akatafsiri: "Anasema vipimo vimefuata karatasi uliyosaini."

"Karatasi haina makalio! Sampo ndiyo ilikuwa nayo! Iko wapi sampo?"

"Mei you," Laoban akasema, yaani hakuna, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Sampuli ilikuwa imepotea. Ndiyo maana nawaambia kila siku, sampuli mbili, zote zifungwe kwenye mfuko, pande zote mbili zisaini juu ya mfuko, moja ulale nayo. Siku hiyo hatukuwa nayo. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Laoban akawa anamimina chai tu kwenye vile vikombe vyao vidogo, na ananyamaza. Mimi nikaanza kuhesabu vikombe vya Mama Ndeshi. Vinne. Sita. Tisa. Chai yao haina sukari, mnajua. Nilihesabu vizuri sana, lakini sikujiuliza ninachohesabu kina maana gani.

Alipofika kikombe cha tisa mtani wangu alikuwa amekunja uso, mkali, anajibu watu vibaya. Nikadhani ni hasira. Kimya kimenibana, nikasahau kwamba nimekuja kutazama tu. Nikafanya kile nilichofanya Tanga.

"Wewe Mchaga, chukua suruali zako twende," nikamwambia. "Ukizidi kung'ang'ania tutakuzika humu humu kiwandani, na sanda yako iwe jinzi."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kabla hujanizika nitakitia moto hiki kiwanda na wewe ukiwa ndani, Mpare. Nione huo moto utaupeleka mahakama ipi!"

Tukacheka wote wawili. Tulipoacha kucheka niliisikia sauti ya Faraja, taratibu, inatafsiri. Alikuwa ameajiriwa kutafsiri kila neno, na alitafsiri kila neno. Kuzika. Kiwanda. Moto.

Mkono wa Laoban ukasimama na birika hewani. Mtaa wa pili, nilikuja kuelezwa baadaye, karakana moja ilikuwa imeungua wiki chache nyuma, na vumbi la pamba likishika moto halimsubiri mtu. Akauliza swali fupi. Faraja akatugeukia, sauti imepungua. "Laoban anauliza, ni kweli mmesema mtachoma kiwanda?"

Wanangu, nisikilizeni hapa. Viza yangu ilikuwa ya mwanafunzi. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi, na hapo nimekaa kwenye meza ya biashara, nimefungua mdomo, nimetaja kuzika watu. Niliona polisi, niliona mabegi yangu uwanja wa ndege wa Baiyun, niliona watoto wangu wananipokea Dar bila cheti. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, basi nami nikakimbiza langu.

"Hapana," nikasema. "Hatukusema hivyo. Binti amekosea. Bado anajifunza Kiswahili."

Faraja alinitazama mara moja tu. Masikio yakamwiva. Kisha akamgeukia bosi wake akatafsiri na hilo pia, kwamba yeye amekosea, kwamba bado anajifunza. Hakupunguza neno.

Laoban akachukua simu iliyokuwa mezani muda wote, akaibonyeza, nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Tutakuzika humu humu. Kicheko. Nitakitia moto. Alirekodi mazungumzo yote, ilikuwa kawaida yake kwa wateja wa nje. Alimsikilizisha Faraja kipande kile mara mbili, na mara zote mbili Faraja akatikisa kichwa kukubali. Laoban akaita kwa sauti kuelekea karakana. Vyerehani vikanyamaza, kimoja baada ya kingine. Washonaji wakatoka nje, halafu geti la chuma la mlango wa karakana likashuka, likagota sakafuni, na mwanga wote ukawa wa taa.

"Anasema tukae," Faraja akasema bila kutuangalia. "Watu wa kituo cha polisi watakuja."

Hapo nikamgeukia Mama Ndeshi ili tupeane macho, nikakuta amelowa. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni na feni inazunguka. Midomo inatetemeka. Nikamwita, akanijibu neno lisilo na kichwa wala miguu. Ndipo hesabu yangu yote ikafika kichwani kwa mkupuo: sindano ya asubuhi, hakuna chakula, vikombe tisa vya chai kavu. Sukari yake ilikuwa imeshuka, inazidi kushuka, na pipi alizokuwa anatembea nazo zilikuwa kwenye mkoba wa pili, hotelini.

"Faraja, mwambie mama huyu ni mgonjwa! Ana kisukari, anahitaji kitu cha sukari sasa hivi! Soda, asali, chochote!"

Faraja akatafsiri. Laoban akamwangalia Mama Ndeshi, akaniangalia mimi. "Jia de," akasema. Bandia. Neno wanalotumia kwa mkoba wa nembo ya kuiga.

"Anasema wateja wengi hujifanya wagonjwa wakibanwa," Faraja akasema. Kisha akaongeza, na hilo nadhani lilikuwa lake mwenyewe, "Na wewe mama umeshasema uongo mara moja."

Sijawahi kuogopa vile tena maishani, wala sitaki. Woga wa kwanza ulikuwa wa viza yangu, na woga huo una maneno, unaweza kujadiliana nao. Huu wa pili haukuwa na neno hata moja. Rafiki yangu anakufa mbele yangu, dawa yake ni kijiko cha sukari, na kinachokizuia kile kijiko ni uongo wangu. Hakuna ambaye angeniamini la pili mpaka nilirekebishe la kwanza.

Nikasimama.

"Mwambie Faraja hakukosea," nikasema. "Ametafsiri sawasawa, kila neno. Mimi ndiye nimesema kuzika, rafiki yangu amesema moto, na mimi ndiye nimedanganya kwa sababu naogopa kufukuzwa chuo. Polisi wakija nitawaambia hivyo hivyo. Lakini yale maneno ni utani. Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga. Na huyu mama kweli anakufa."

Faraja alikuwa ameanza kutafsiri, akasita. "Utani?" akaniuliza. "Ule wa makabila? Tuliusoma mwaka wa tatu. Nilidhani ulikwisha zamani."

Akamweleza bosi wake kwa muda mrefu, kwa mikono, kwa haraka, na mara hii hakuwa anatafsiri, alikuwa anabishana. Laoban hakukubali wala hakukataa. Mama Ndeshi akalaza kichwa chake mezani kati ya vikombe, na macho yakafumba.

Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani sikuwa nafikiri. Mfukoni nilikuwa na sarafu ya yuan moja, chenji ya asubuhi. Niliitoa huku nalia, nikaidondosha mezani karibu na sikio lake, kama bibi zangu walivyonifundisha kufanya kwa Mchaga. Ikalia, ikazunguka, ikalala karibu na mkono wake.

Vidole vya Mama Ndeshi vikasogea. Polepole, vinatambaa juu ya meza, mpaka vikaifunika ile sarafu.

"Yelewii," akanong'ona, macho yamefumba. "Mpare ametoa hela."

Faraja alitoa sauti, nusu kicheko nusu kilio. Akamweleza Laoban sarafu ile ni nini, na Mchaga aliyekufa anajulikanaje. Laoban akautazama ule mkono mezani. Akauliza, na Faraja akanitafsiria: "Anauliza, hawa ni ndugu?" Akamjibu mwenyewe bila kuningoja. Sijui alimjibu nini.

Laoban akavuta droo, akatoa mfuko mwekundu wa pipi za harusi ya mtoto wake. Faraja akaziponda kwa kitako cha birika, akazikoroga kwenye chai ya moto mpaka zikayeyuka, tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Nilihesabu. Kijiko cha kumi na nne akafumbua macho akauliza kwa nini tunamlisha kama kuku. Geti lilipopandishwa jua lilikuwa bado kali, na wale washonaji walikuwa wamesimama nje wamebeba vyakula vyao, wanatushangaa. Watu wa kituo walipofika Laoban aliwapa chai na kuwaambia mgeni aliugua. Akiwa kwenye benchi la zahanati, dripu mkononi, Mama Ndeshi alisema, "Na zile suruali bado sizitaki." Laoban alikata nyingine upya, safari hii Mama Ndeshi mwenyewe amesimama mbele ya fundi kama sampuli.

Niliandika yote kwenye ripoti, na uongo wangu ndani. Profesa aliisoma, akaniita, akaniuliza swali moja: "Kama rafiki yako asingezidiwa, ungelisafisha jina la yule binti?" Kisha akanyamaza. Nilihesabu vioo vya dirisha la ofisi yake, vilikuwa kumi na viwili, nikavihesabu tena. Nilifanya kazi hii miaka yote iliyofuata ili kupata jibu, na Faraja, ambaye baadaye tulisimama meza nyingi pamoja, hakuwahi kuniuliza. Nilimwomba radhi mara moja, siku ya pili yake. Akasema, "Yameisha, mama," kwa namna ambayo mtu akisema hivyo unajua hayajaisha.

Siku hizi simu inatafsiri yenyewe, na wengine mnadhani mkalimani ni gharama tu. Simu ingetafsiri kuzika na moto vilevile alivyotafsiri Faraja, ila isingebishana na bosi wake. Kwa hiyo kuleni kabla ya meza. Wekeni pipi mfukoni, hata kama hamna kisukari. Msiseme Kiswahili mkidhani hakuna anayesikia. Na mkiogopa, kwa sababu mtaogopa, msijiokoe kwa kumtupa mtu aliyebeba maneno yenu. Uongo wa namna hiyo huwa haumuumizi aliyeusema. Unamngojea mwingine kwenye kikombe cha tisa.

Mwaka jana Mama Ndeshi alifariki, nyumbani kwake Machame, kwa sukari hiyo hiyo. Nilipanda ndege Baiyun asubuhi yake. Nilipofika nyumbani hapo watu walikuwa kwenye foleni ya kuaga mwili, na wanawe waliponiona wakaanza kutabasamu katikati ya machozi, wanajua mtani amefika. Ndeshi mwenyewe, mwanawe wa kwanza, akanipisha mbele. Nikaanza kazi yangu. Nikamwambia marehemu aache kujifanya, jia de hiyo, mzigo umefika soko la nguo la Shisanhang na bei imeshuka. Watu wakacheka. Nikatoa ile yuan, maana siku ile aligoma kuiachia, akaja kunirudishia miaka kadhaa baadaye akisema hataki kushtakiwa na Mpare.

Nikaidondosha kwenye ukingo wa jeneza, karibu na sikio. Ikalia, ikazunguka, ikalala karibu na mkono. Watu wote wakacheka na kupiga makofi, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nikawa natazama vidole.

Mpare hakubali hukumu ya kwanza. Nikaiokota, nikaidondosha tena.